Sanduku la Risasi ni Mali ya Utamaduni

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu macho yetu huelekea upande mmoja tu. Tunataja ngoma, vinyago, ushairi, milango ya mwambao iliyonakshiwa, mikuki na ngao za wazee wetu, vyungu na mikeka. Vitu hivi vinastahili heshima yote tunayovipa, wala si nia ya makala haya kuvipunguzia hata chembe. Lakini kipo kitu kimoja ambacho hakitajwi kamwe katika hesabu hiyo, nacho kimelala katika stoo za shule, katika maboma ya zamani na katika vibanda vya watu, kikiliwa na mchwa. Kitu hicho ni sanduku tupu la risasi. Nasema bila ya kusitasita kwamba sanduku hilo ni mali ya utamaduni wetu, na kwamba namna tunavyolitunza, au tuseme namna tunavyoliacha lioze, ni aibu kwa watu waliosoma.

Najua wako watakaocheka. Watauliza: sanduku la risasi na utamaduni wapi na wapi? Sanduku lililotengenezwa Ulaya, likapakiwa melini na wageni, likafunguliwa na wageni ili wapigane wageni kwa wageni, linatuhusu nini? Hoja hii naisikia mara kwa mara, na wanaoitoa hudhani kwamba wanalitetea taifa dhidi ya kasumba ya kikoloni. La hasha. Wao wenyewe ndio waliobaki na kasumba, kwa sababu wanamtazama aliyelitengeneza sanduku na aliyelifungua, na hawamwoni hata kidogo aliyelibeba.

Nani alilibeba? Vita Kuu ya Kwanza ilipigwa katika nchi hii tangu Agosti 1914 hadi tarehe 25 Novemba 1918, siku ambayo Wajerumani waliweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, Zambia. Reli zilikuwa mbili tu, ya Tanga na ile ya Kati. Magari yalikuwa machache, na barabara zilikuwa chache zaidi. Punda, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa ndorobo. Kilichobaki kilikuwa kichwa na bega la Mwafrika. Mzigo wa kawaida wa mchukuzi ulikuwa ratili 60 hivi, yaani kilo 27, na njia ilikuwa ya majuma mengi, katika mvua na matope ya Rufiji, Kilwa, Mahenge na Newala. Chakula kilikuwa unga wa mahindi uliopikwa kwa haraka au usiopikwa ukaiva, na unga huo uliwaharibu matumbo watu wengi kuliko risasi za adui zilivyowaua.

Waingereza peke yao waliandikisha takriban watu milioni moja kutoka sehemu mbalimbali za Afrika kuwa wachukuzi wa vita hivi, na kwa hesabu zao wenyewe waliokufa hawapungui 90,000. Walikufa kwa kuhara, kwa nimonia, kwa malaria na kwa uchovu. Kwa upande wa Wajerumani hesabu haikuwekwa, maana watu walikamatwa vijijini, wakabeba, wakaanguka njiani, na safari ikaendelea. Wako wachukuzi waliokufa ambao ujira wao haukufika kwa jamaa zao mpaka leo. Wengi wao hawakupata hata kaburi lenye jina. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani, ikaomba radhi, kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, ambao wengi wao ni wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa.

Basi mchukuzi ametuachia nini? Bunduki hakuwa nayo. Nishani hakupewa. Barua hakuandika, na picha zilizomo vitabuni zinamwonyesha katika msururu mrefu usio na majina. Jina la kambi yao katika Dar es Salaam limebaki midomoni mwetu, yaani Kariakoo, ambalo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi, na kule Nairobi nako ipo Kariokor. Lakini kati ya maelfu wanaoingia Kariakoo kila siku kununua vitambaa na viatu, ni wangapi wanaojua kwamba wanatamka jina la kikosi cha watu waliokufa chini ya mizigo? Katika mnara wa Askari uliozinduliwa mwaka 1927 hapo katikati ya Dar es Salaam, maandishi yanawataja wachukuzi, lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Nairobi walau mchukuzi amepewa mwili wa shaba na kusimamishwa pamoja na wapiganaji. Kwetu sisi, kitu kinachoweza kushikwa kwa mkono, ambacho kiligusa kata iliyokaa juu ya kichwa cha mchukuzi huyo, ni lile sanduku. Anayeliacha lioze analiangamiza shahidi la mwisho, kisha anasimama mbele ya wanafunzi na kusema kwamba historia ya wanyonge haina ushahidi.

Hebu tutazame matukio mawili ili jambo hili lisibaki hewani. Mapema Novemba 1914 jeshi lililoletwa na Waingereza kutoka India lilishindwa vibaya huko Tanga, likarudi melini na kuacha ufuoni bunduki, bombomu na risasi zipatazo 600,000. Risasi hizo hazikutembea zenyewe kwenda bara. Tukio la pili ni la Aprili 1915. Meli ya Kijerumani iitwayo Rubens, iliyojificha chini ya bendera na jina la Kidenmark, Kronborg, ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaiwahi, ikaipiga, ikawaka moto na kuzama nusu. Walipoondoka Waingereza, shehena ilianza kuopolewa, masanduku kwa masanduku, kutoka ndani ya maji. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Ikawa kazi ya miezi kuzifungua, kuikausha baruti, kuyasafisha maganda na kuzifunga tena, na hata hivyo nyingi zilishindwa kulia. Mwanafunzi anayetaka kujua unyevu na chumvi vinaweza kufanya nini kwa bati na mbao hana haja ya kwenda mbali. Jeshi zima lilikaribia kukosa risasi kwa sababu ya maji ya bahari yetu. Na jambo jingine la kukumbukwa: miaka 9 tu ilikuwa imepita tangu Vita vya Majimaji vianze huko Umatumbi mwaka 1905. Watu ambao baba zao walizikabili risasi za Mjerumani kwa maji ya Kinjikitile ndio sasa waliotwishwa masanduku ya risasi hizo hizo vichwani. Hakuna kitabu kinachoweza kuueleza ukatili huo kama sanduku lenyewe linavyoueleza likiwekwa mezani mbele ya darasa.

Nitakaowaudhi zaidi ni wale wanaokubali kwamba vita vya 1914 vina maana, lakini wanadhani sanduku la risasi ni alama ya utumwa peke yake. Sivyo. Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO ilianza vita vya silaha dhidi ya Wareno, na kwa miaka 10 iliyofuata nchi yetu ilikuwa ndiyo mgongo wa vita hivyo. Hapa Dar es Salaam ilikuwapo Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, tangu 1963 hadi kazi yake ilipokwisha mwaka 1994. Nachingwea palikuwa na kambi ya mafunzo. Kongwa palikuwa na wapigania uhuru wa nchi kadha. Silaha zilitoka Urusi na China, zikashuka katika bandari zetu, zikapita katika barabara zetu za kusini hadi mto Ruvuma. Baada ya Ruvuma gari halikuwa na kazi. Sanduku la Kirusi la mbao, lililopakwa rangi ya kijani, lenye vibati viwili vilivyozibwa kwa lehemu na risasi ndani yake, lina uzito wa karibu kilo 30. Wanawake na wanaume wa Msumbiji walilitia kichwani, wakaingia nalo porini. Kikosi cha wanawake wa FRELIMO, ambacho Josina Machel alikuwa mmoja wa viongozi wake mpaka alipofariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, kilifanya kazi hiyo pamoja na kulinda vijiji na kulea yatima.

Basi linganisha mizigo hiyo miwili. Ule wa 1917 ulikuwa kilo 27, nao uliwekwa juu ya kichwa cha mtu aliyekamatwa. Ule wa 1967 ulikuwa karibu kilo 30, nao ulichukuliwa na mtu aliyejitolea. Mzigo ni ule ule, kichwa ni kile kile, na kata ni ile ile ya majani au ya nguo kuukuu. Kilichobadilika ni mtu. Mwalimu akiyaweka masanduku hayo mawili ubavu kwa ubavu, amekwisha kufundisha somo la siasa na la historia kabla hajafungua kinywa. Lakini atayaweka vipi, ikiwa moja limechanwa kuni na jingine limepelekwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa ajili ya bati lake na vitasa vyake?

Kuna pingamizi lingine ambalo silichukulii kwa mzaha. Wako wanaosema kwamba kuhifadhi vitu vya vita ni kuvitukuza vita, na tena ni hatari. Wananchi wa Mbagala hawajasahau tarehe 29 Aprili 2009, wala wa Gongo la Mboto hawajasahau usiku wa tarehe 16 Februari 2011, mabomu yalipolipuka katika maghala ya jeshi na kuua watu na kubomoa nyumba. Mama aliyempoteza mtoto siku hiyo hawezi kulaumiwa akishtuka kusikia neno risasi. Kwa hiyo nasema wazi: ninalolitetea ni sanduku tupu, si kilichokuwamo. Mtu akikuta sanduku ambalo halijui, asilitikise, asilifungue kwa shoka, wala asilibebe kulipeleka shuleni ili aonekane hodari. Kibati kilichozibwa ambacho hakijafunguliwa kinaweza kuwa kimejaa, na miaka 50 au 100 haiifanyi baruti iwe njema. Watoto waondolewe, mahali pawekewe alama, polisi waarifiwe, na wao watawaita mafundi wa jeshi. Mpaka wakaguzi hao waseme kwamba hakuna kitu, hilo si sanduku la kumbukumbu, ni silaha. Ama kuhusu kuvitukuza vita, sijapata kuona mtu aliyelishika sanduku lililobebwa na mchukuzi, akaambiwa habari zake, kisha akatamani vita.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike. Masanduku haya hayaangamizwi na maadui zake peke yao. Yanaangamizwa pia na wale wanaoyapenda.

Katika shule moja ya sekondari, ambayo sina haja ya kuitaja, lilikuwapo sanduku la mbao la zamani lenye vishikio vya kamba, na ubavuni palikuwa na maandishi meusi ya chapa. Aliposikiwa mgeni mkubwa anakuja, likasuguliwa msasa mpaka mbao ikawa nyeupe, likapakwa vanishi, kamba zikatupwa na kutiwa vitasa vipya vya chuma, likawekwa mlangoni na maua juu yake. Mgeni alilisifu. Hakuna aliyemwambia kwamba alichokuwa akikisifu ni kasha jipya la maua, na kwamba sanduku la kale lilikuwa limekwisha kufagiliwa nje pamoja na vumbi la msasa. Aliyefanya hivyo hakuwa mtu mbaya. Alikosa elimu ya kujua kwamba thamani ya kitu cha namna hii haimo katika uzuri wake, bali imo katika alama zake. Katika yale masanduku ya Kiingereza utakuta ule mshale mpana wa mali ya serikali yao. Katika ya Kirusi utakuta namba ya fungu, mwaka, na namba ya kiwanda: 17 ni Barnaul, huko Siberia, 539 ni Tula, 270 ni Luhansk. Kijana wa kidato cha pili anaweza kuisoma namba hiyo, akachukua ramani, akafuata kwa kidole njia ya sanduku kutoka Siberia mpaka Mtwara. Msasa mmoja wa nusu saa unaifuta safari yote hiyo. Hata mkwaruzo una maana. Hata kamba iliyolika upande mmoja kuliko mwingine, kwa sababu inatuambia sanduku lilivyoshikwa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mtunzaji ni kuacha. Asipake rangi, asipake vanishi, asipake mafuta ya taa wala mafuta ya gari, asisugue kwa msasa, asioshe kwa maji na sabuni. Vumbi liondolewe kwa brashi laini iliyo kavu, na mikono iwe na glavu au walau iwe safi, kwa sababu jasho lina chumvi na chumvi huita kutu. Glavu zina faida nyingine. Baadhi ya masanduku ya vita vya karne ya 20, hasa ya Kimarekani, yalitiwa dawa ya kuzuia kuoza iitwayo pentaklorofeno, nayo ni sumu. Tena rangi na lehemu za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, yale yale yaliyoipa risasi ya bunduki jina lake katika lugha yetu. Ndiyo maana namshangaa mtu anayeweka mchele au nguo za mtoto mchanga katika sanduku la namna hii, na namshangaa zaidi anayelichoma kupikia.

Baada ya kuacha ndipo huja kuweka, na hapa ndipo stoo zetu zinapotuhukumu. Ukungu huota kwenye mbao na kwenye karatasi ikiwa unyevu wa hewa unazidi kiasi cha asilimia 65 kwa muda mrefu, na hewa ya pwani yetu hupita kiwango hicho siku nyingi za mwaka. Chuma hutaka ukavu zaidi ya huo, lakini mbao ikikaushwa kupita kiasi hupasuka. Sanduku la risasi lina mbao, chuma, bati na kamba kwa pamoja, hivyo haliwezi kuridhishwa kikamilifu. La maana ni kuikwepa misukosuko: leo joto la paa la bati, kesho baridi ya mvua, mbao inavimba na kusinyaa, misumari inalegea, rangi inabanduka vipande pamoja na maandishi yake. Chumba cha katikati ya jengo, chenye dari na madirisha mawili yanayoelekeana, ni bora kuliko stoo ya uani yenye kufuli kubwa na paa linalovuja. Mwanga wa jua usiliguse, maana hufifisha wino wa chapa.

Kamwe lisiwekwe sakafuni. Wazee wetu waliojenga vihenge na chaga walijua jambo hili kabla ya shule zote: nafaka haikai chini, kwa sababu ya unyevu, panya na mchwa. Sanduku nalo lipewe chaga, kiasi cha kiganja kimoja au viwili kutoka ardhini, na mbali kidogo na ukuta ili mtunzaji aweze kupitisha macho nyuma yake. Mchwa hujenga njia yake ya udongo usiku. Anayekagua kila juma ataiona, anayekagua mara moja kwa mwaka atakuta ganda. Bungua ni mjanja zaidi, kwani kazi yake yote ni ndani, na dalili yake ni unga mwembamba kama wa ngano chini ya vitundu vidogo vya mviringo. Sanduku lenye dalili hiyo litengwe siku hiyo hiyo na mengine. Lisinyunyiziwe dawa ya mbu wala ya mashamba. Likifungwa vizuri ndani ya plastiki na kugandishwa katika friza yenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa muda wa majuma mawili, wadudu hufa na mbao haidhuriki. Makumbusho makubwa duniani hufanya hivyo, na friza ya samaki ya mfanyabiashara mwenye moyo mwema inaweza kuazimwa kwa kazi hiyo kabla haijatiwa samaki.

Baada ya hapo plastiki iondolewe. Mtu anayelifunika sanduku kwa nailoni mwaka mzima analifungia jasho lake lenyewe. Kitambaa cha kufunikia kiwe cha pamba ambacho hakikutiwa rangi wala dawa, yaani ile marekani ambayo misafara ya zamani iliipeleka bara vichwani mwa wapagazi. Sehemu za chuma zenye kutu ya juu juu zipanguswe kavu, kisha zipakwe nta nyembamba sana. Kutu iliyotulia isikwanguliwe mpaka chuma king'ae, kwa maana si kijiko cha mezani hicho.

Kwa haya yote gharama iko wapi? Chaga ni mbao chakavu na matofali manne. Marekani ni mita chache. Brashi inapatikana katika duka lolote la rangi. Kisingizio cha umaskini ambacho husikika kila tunapozungumza juu ya hifadhi hakina nafasi hapa, na ningependa kisitumiwe tena mbele ya wanafunzi, ambao wanaona fedha zinapatikana kwa vanishi na maua.

Kule Ulaya na Marekani wako watu wanaokusanya masanduku haya kwa fahari. Huyapanga katika vyumba vikavu, na hugombana wao kwa wao kama lipakwe nta au lisipakwe. Hulilipia zaidi sanduku lenye rangi yake ya asili na chapa zake kuliko lililofanywa upya. Wengi wao hawajali aliyelibeba. Wanajali kiwanda na mwaka. Sina haja ya kuiga moyo huo wa kugeuza kila kitu kuwa bei. Lakini inauma kuona kwamba mgeni anaijua thamani ya chapa nyeusi kwenye mbao zilizopita katika nchi yetu, na sisi wenyewe tunaisugua kwa msasa. Na palipo na bei ya ng'ambo, mchuuzi hayuko mbali: masanduku yakipata soko huko, yataanza kutoweka huku usiku, kama vilivyotoweka vinyago na viti vya watemi.

Sheria inasemaje? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, ilichora mstari wake kwenye mwaka 1863 kwa vitu vya kale vya kuhamishika, na ikailinda kwa jina milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Sanduku la 1916 linaanguka nje ya mistari yote miwili. Sheria hiyo hata hivyo inampa Waziri uwezo wa kutangaza kitu kuwa ni chenye kulindwa, na uwezo huo hautumiki wenyewe. Hutumika pale ambapo watu wameonyesha kwamba kitu kipo, kiko wapi, na kina habari gani. Makumbusho ya Taifa, ambayo milango yake ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1940, na Makumbusho ya Majimaji kule Songea, hayawezi kujua kilichomo katika stoo ya kila shule kutoka Tunduru mpaka Ngara. Anayejua ni mwalimu.

Na mwalimu anao wanafunzi. Waliobeba mwaka 1917 hatunao tena, lakini wajukuu wao wapo, na baadhi wanakumbuka walichosimuliwa jikoni. Waliovuka Ruvuma miaka ya 1960 na 1970 wengi wao wana umri wa miaka 70 na 80. Wako Mtwara, Masasi, Newala, Songea, na ng'ambo ya mto. Hao hawatungoji. Mwanafunzi apelekwe kwao na shikamoo yake, daftari na subira, akaulize sanduku lilishikwaje, walipumzika wapi, waliimba nini au walikatazwa kuimba, kata ilifungwa kwa majani gani. Majibu hayo ndiyo yanayoitofautisha hifadhi na ghala la mbao kuukuu.

Aliyoyapata ayaandike kwenye karatasi ngumu: sanduku lilipopatikana, nani alilitoa, vipimo vyake, kila herufi na namba iliyomo hata kama haifahamiki, na maneno ya mzee aliyelieleza, pamoja na jina lake ikiwa ameridhia. Nakala moja ibaki ofisini na nyingine ipelekwe kwa Afisa Utamaduni wa wilaya. Iandikwe kwa penseli, kwa kuwa wino huchujuka katika unyevu. Isibandikwe kwa gundi wala kupigiliwa msumari juu ya mbao. Ifungwe kwa uzi wa pamba kwenye kishikio cha kamba, kama kamba ingali imara, na kama si imara iwekwe ndani, juu ya kipande cha marekani.